Je, Yafaa Maskini Apambe Chumba Chake?

Neno ninalotaka kuliweka mbele yenu mwezi huu laonekana dogo, na huenda wengine watasema kwamba mwalimu amekosa la kuandika. Ni habari ya chokaa, pazia na mkeka. Walakini kwa ajili ya chokaa, pazia na mkeka, mama mmoja aliitwa mbele ya wazee wa kanisa akaonywa, na mimi ndimi niliyeyaandika maonyo yake katika daftari. Tangu siku ile neno hili halikuniacha. Basi naomba tulifikiri pamoja.

Mambo yalikuwa hivi. Miaka michache iliyopita nalikuwa nikifundisha katika mji mmoja mdogo wa mkoa wa Tanga. Alikuwako huko mjane, mwuza vitumbua, aliyepanga chumba kimoja katika nyumba ya udongo yenye vyumba sita, vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande wa pili, na ua nyuma. Nyumba za namna hii mnazijua. Miji yetu ya pwani na ya bara imejaa nyumba hizi. Chumba chake kilikuwa futi 10 kwa 10. Ndani yake alilala yeye na watoto wake wawili, na humo humo zilikaa sufuria, unga, ndoo za maji, madaftari ya watoto na nguo zao zote. Kuta zilikuwa za udongo mtupu, nazo zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa moshi wa vibatari na majiko ya wapangaji waliotangulia.

Mwaka ule kanisa lilikuwa likichangisha fedha za kununua mabati, maana paa la zamani lilivuja hata juu ya madhabahu. Kila nyumba iliahidi kadiri ya uwezo wake, na mama huyu aliahidi shilingi 20,000. Hata mwezi wa tano alikuwa ametoa 5,000 tu. Ndipo mtu mmoja aliyepita uani kwake akaleta habari kwamba yule mama amepaka chumba chake chokaa, ametundika mapazia mapya, na ndani mwake mnang'aa kama kwa mkuu wa wilaya.

Wazee wakamwita. Waliketi wanne, nami nikakaa kando na daftari, kwa kuwa nalikuwa mwandishi wa baraza. Mkubwa wao, mtu mpole asiyependa makelele, akamwuliza, "Mama, tumesikia umekipamba chumba chako. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Umetumia shilingi ngapi?"

Hakuficha. Chokaa, shilingi 6,000. Buluu ya kufulia, ya kuchanganya na chokaa ile, shilingi 500. Doti moja ya kanga za mapazia, shilingi 10,000. Mkeka alikuwa ameusuka mwenyewe kwa ukindu, hakuutolea kitu. Jumla shilingi 16,500. Nikaiandika, na kila mtu mle barazani aliona kwamba fedha hiyo yalizidi deni lake la mabati.

"Na kwa nini umefanya hivi?"

Ningependa kuwaambieni kwamba alikuwa na sababu kubwa, kama vile mtoto kuugua kifua kwa vumbi la ukuta, au mganga wa hospitali kumwagiza. Hakuwa nayo, wala hakuitunga. Alisema, "Mzee, nalichoka kukaa mahali pabaya." Akanyamaza.

Wazee wakamweleza kosa lake kwa mambo matatu. Kwanza, wakamkumbusha nabii Hagai, aliyewakemea watu kwa kukaa katika nyumba zilizopambwa huku nyumba ya Bwana ni magofu. Pili, wakasema kwamba mtu asiye na akiba ya unga wa juma moja haimpasi kununua kitu cha kutazama. Tatu, mmoja wao akasema kwamba kuta zile si zake hata kidogo. Yeye ni mpangaji, na mwenye nyumba akimwambia ondoka, ataiacha chokaa ukutani. Mama akaitikia yote, akaomba msamaha, akaenda zake. Nami nikaandika kwa mwandiko mzuri kwamba ameonywa kwa ajili ya anasa.

Sasa nataka kuwa mwadilifu kwa pande zote mbili. Katika jambo moja wazee walikuwa na haki: ahadi ni ahadi. Yule mama alikuwa ameweka neno lake mbele ya mkutano, na kama aliona hawezi kulitimiza kwa wakati, ingalimpasa kwenda mwenyewe kwa mzee wa mtaa na kumwambia, "Nipeni hata mavuno." Hakwenda. Lakini wazee hawakuishia kwenye ahadi. Kama angalizitumia zile shilingi 16,500 kwa nyama ya sikukuu, wangalimdai deni tu. Kwa kuwa alizitumia kwa weupe wa ukuta, wakaliita jambo lake anasa, na neno hilo ndilo lililonishika.

Nabii Hagai sithubutu kumpinga. Alisema mwaka wa pili wa mfalme Dario, ndio kama mwaka 520 kabla ya Kristo, na maneno yake yalimwelekea kwanza Zerubabeli mtawala na Yoshua kuhani mkuu, kisha watu wote waliorudi kutoka uhamishoni. Hao walikuwa wamezifunika nyumba zao kwa mbao za kupendeza, nao walikuwa wakisema kwamba wakati wa kuijenga nyumba ya Bwana haujafika. Mama yetu hakusema hivyo. Alikuwa ameleta 5,000 yake, vitumbua kwa vitumbua. Tena chokaa juu ya udongo si mbao za nyumba ya mtawala. Hata hivyo nisiikimbie hoja kwa kusema tu kwamba fedha yake ilikuwa kidogo. Maskini naye aweza kumnyima Mungu haki yake, na kidogo chake chaweza kuwa kikubwa. Basi udogo wa gharama hautoshi kuwa jibu. Lazima tuseme pambo lenyewe ni kitu gani.

Wengi wetu tukisikia habari hii huikumbuka Bethania, na yule mwanamke aliyemimina marhamu ya nardo yenye thamani ya dinari 300. Katika mfano wa shamba la mizabibu dinari moja ndiyo ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo hesabu ile yakaribia ujira wa mwaka mzima. Yohana atuambia kwamba aliyelalamika kwa ajili ya maskini alikuwa Yuda. (Wazee wangu wasinielewe vibaya, simlinganishi mtu na Yuda, na Mathayo asema kwamba wanafunzi wote walinung'unika.) Lakini mtu atanijibu mara moja, na kwa haki, kwamba marhamu ile ilimiminwa kwa ajili ya Bwana, wala si kwa kuta za mwenye kuimimina. Kwa hiyo natafuta mfano ulio karibu zaidi, nao naupata Shunemu.

Katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya nne, tunasoma habari za mwanamke aliyemtengenezea Elisha chumba kidogo juu ya nyumba. Akatia humo kitanda, na meza, na kiti, na kinara cha taa. Vitu vinne tu! Na mwanamke yule hakuwa maskini. Maandiko yasema alikuwa mtu mkubwa. Angaliweza kujaza zulia na vyombo. Lakini alifikiri ni nani atakayeingia mle, naye atakuwa amechoka namna gani. Mtu atokaye njiani hutaka kulala, kuketi, kuandika au kula, na kuona usiku. Kila kitu kilichowekwa kilikuwa na mwili wa mtu wa kukitumia.

Tena Elisha alikuwa mpitaji. Alifika, akalala, akaenda zake. Naleta neno hili kwa sababu ya yule mzee wa tatu, aliyesema kwamba mpangaji asipambe kuta zisizo zake. Mahubiri mengi tumeyasikia ya kwamba sisi sote tu wapitaji duniani, na ni kweli. Lakini wengi huyatumia kana kwamba mpitaji astahili chumba kichafu. Yule Mshunami alijua kwamba mpitaji ndiye apasaye kutayarishiwa. Mtoto wa mpangaji ana miaka michache tu ya kuwa mtoto, nayo anaikalia katika chumba hicho cha kukodi, maana hana kingine. Ukimwambia mama yake angoje mpaka ajenge kwake, huenda siku ya kuhamia mtoto amekwisha kuoa.

Nilipokuwa nikifikiri hivi nikamkumbuka bibi yangu, mama yake mama. Aliishi kijijini katika nyumba ya miti na udongo, na kila baada ya mavuno aliikandika upya. Chini alipaka udongo mwekundu hata kufikia magotini, na juu udongo mweupe aliouchimba mwenyewe mtoni, na mahali rangi mbili zilipokutana alipitisha vidole vyake vitatu vikafanya mawimbi kuzunguka nyumba nzima. Mawimbi yale hayakuzuia mvua wala hayakuongeza chakula. Bibi alikuwa Mkristo hodari, asiyekosa kanisani, wala sijasikia kwamba aliitwa na mtu kuulizwa habari ya vidole vyake. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu hakutumia fedha. Udongo wa mtoni hauna bei, kwa hiyo hakuna aliyefanya hesabu. Mjini hakuna udongo wa bure. Hata weupe huuzwa kwa mfuko. Mjukuu akifanya lile lile alilofanya bibi, twaliona kuwa anasa kwa kuwa limepita dukani.

Juma mbili baada ya baraza lile nalikwenda kwa yule mama kununua vitumbua. Nitasema kweli: vitumbua vilipatikana karibu zaidi, nalikwenda kupeleleza. Alinipokea kwa heshima, "Karibu, mwalimu, shikamana na kivuli," akanitolea kigoda mlangoni, nao watoto walikuwa ndani wakiandika. Kwa hiyo nalikiona chumba chote.

Chokaa yake ilikuwa na buluu kidogo, kiasi cha kuondoa umanjano tu. Dirisha la chumba kile ni dogo, halifiki futi mbili, na zamani hata saa sita mchana mtu alihitaji taa kutafuta sindano. Sasa nuru iliyoingia ilipiga ukuta wa pili ikarudi, na mtoto mkubwa alikuwa akifanya hesabu juu ya mkeka bila taa yoyote. Juu ya msumari, kulielekea dirisha, mama alitundika kipande cha kioo, nacho kikawa kama dirisha la pili. Kitanda alikuwa amekiinua kwa matofali matatu kila mguu, na chini yake zilikaa ndoo, sanduku na gunia la unga, vyote vikafichwa kwa kanga kuukuu iliyozungushwa. Kanga moja mpya ilikuwa pazia la mlango. Ya pili ilitenga kitanda na mahali pa kuketi, hata chumba kimoja kikawa viwili. Maandishi yake yalikaa kichwa chini, kwa kuwa alipenda ua la upande ule liwe juu, naye akacheka alipoona ninajaribu kuyasoma. Nyungo mbili zilining'inia ukutani kwa uzuri kuliko picha. Dirishani palikuwa na kopo la maziwa lililopandwa mrehani. Sikuona kitu hata kimoja ambacho mtoto alikatazwa kukigusa.

Neno hili la mwisho liliniuma, na nitaeleza kwa nini. Lakini kwanza nataka kusema kwamba ujuzi wa mama yule si mgeni kwetu. Mtu akifika Lamu ataona nyumba za mawe za zamani, nyingi zikiwa za karne ya 18, na vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba sana. Sababu yake ni boriti. Dari lilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haufai kuvuka nafasi kubwa. Kwa hiyo chumba hakikuweza kuwa na upana kupita kama mita 3. Mafundi hawakuweza kuurefusha mti. Walichoweza ni kuushughulikia ukuta. Katika ukuta wa chumba cha ndani walichonga zidaka, safu juu ya safu, kwa chokaa laini, zikawekwa bakuli za Kichina na vitabu, na jicho la mtu aliyeketi humo likaingia ndani ya zile zidaka likaona kana kwamba chumba kinaendelea. Hao nao walikuwa wakipamba mahali padogo kwa kipimo walichopewa, na chokaa yao ilitoka katika mawe ya bahari yaliyochomwa juu ya magogo, kama ichomwavyo pwani yetu hata leo.

Walakini nyumba zile nzuri zilikuwa za mabwana waliokuwa na watumwa, na Lamu, pamoja na pwani yote ya Kenya, haukuondolewa utumwa kwa sheria mpaka mwaka 1907. Nani aliyayatwaa mawe baharini? Nani aliyakata magogo ya kuyachomea? Ukuta mweupe hauonyeshi alama za mikono. Hapo ndipo nalipomkumbuka Yeremia, naye ndiye aliyenifikisha nyumbani kwangu.

Yeremia, sura ya 22, alimkemea mfalme Yehoyakimu kwa ajili ya nyumba aliyojijengea, yenye vyumba vikubwa na madirisha mapana, na mbao za mierezi, na rangi nyekundu. Tukisoma haraka twaweza kudhani nabii aliichukia rangi nyekundu. Lakini tazama anavyoanza. Aanza na wafanya kazi waliofanya kazi bila kulipwa ujira. Tena amkumbusha mfalme habari za baba yake Yosia, aliyekula na kunywa vizuri, na bado akawapa maskini haki yao, naye akawa heri. Hakuna mahali anaposema kwamba Yosia alikaa gizani.

Wakati ule ule wa mabati ya kanisa, mimi nalikuwa nikikaa na mke wangu na mtoto mmoja katika chumba na sebule. Sebule ilikuwa futi 10 kwa 12. Nami, kwa kuwa ni mwalimu, na walimu wenzangu walikuwa nayo, nalinunua seti ya makochi: moja la watu watatu, mawili ya mtu mmoja mmoja, na meza ya kioo katikati. Bei yake ilikuwa shilingi 900,000, nikaahidi kulipa 75,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Vilipoingia, sebule ilijaa hata wageni wakawa wakipita ubavu ubavu kama kaa. Nailoni iliyofunika makochi sikuiondoa, ili yasichafuke. Basi siku za joto miguu ya mtu ilinata. Mtoto wangu alikatazwa kuketi. Mke wangu alizoea kumnyonyeshea mtoto wa jirani na kuchambua mchele chumbani juu ya kitanda, kwa sababu sebuleni hapakuwa tena na sakafu ya kutandika mkeka. Mama yangu mzazi alipokuja kututazama, nilimkaribisha kochini, naye aliyatazama makochi, akasema, "Mwanangu, mimi hapa nje pananitosha," akaenda kuketi barazani.

Lakini hayo ni mambo ya kuchekesha kidogo. Lisilochekesha ni hili. Tulikuwa na msichana wa kazi, binti wa watu wa milimani, na ujira wake ulikuwa shilingi 50,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza wa makochi nilimwambia, "Ngoja kidogo." Mwezi wa pili nikamwambia hivyo hivyo. Mwezi wa tatu alisimama mlangoni akiwa ameshika ufagio, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mama amepiga simu, anauliza." Nikamjibu kwamba mambo ni magumu. Alikuwa akifagia chini ya kile kilichoyafanya magumu.

Na mchango wangu wa mabati? Nalikuwa nimeutoa wote, shilingi 50,000, mwezi wa pili, na jina langu likasomwa kanisani. Baraza halikuniita. Siku ile niliyoandika habari ya anasa ya mjane, msichana yule alikuwa akinidai shilingi 150,000, nami nalikwenda barazani kutoka katika sebule yangu.

Kwa hiyo nadhani swali la wazee liliwekwa mahali pasipo pake. Waliuliza pambo limegharimu ngapi na ukuta ni wa nani. Wangaliuliza ni nani analitumia pambo hilo, na ni nani amelipia, mama yule angaliweza kujibu bila kuinamisha uso: tunalitumia sisi watatu, na nimelipia mwenyewe, kwa mikono hii na vitumbua hivi, na kwa kuchelewesha deni langu kwenu. Hilo la mwisho ndilo kosa lake, na ni kosa la kweli, ila lina kipimo. Mimi ningalijibu nini? Makochi yalitumiwa na wageni wawili au watatu kwa mwezi, na aliyeyalipia ni mtoto wa mtu.

Najua nitapingwa. Mmoja wa wazee wale, ambaye nampenda na kumheshimu, nilimwonyesha fikira hizi kabla ya kuziandika. Akasema, "Mwalimu, ukiwafungulia watu mlango huu, kesho kila mtu ataita tamaa yake haja." Neno lake ni zito. Haja ya macho haina mwisho kama haja ya tumbo. Tumbo likijaa lasema basi, lakini jicho likipata pazia laomba zulia. Sina kamba ya kupima mahali haja inapogeuka kuwa tamaa, wala sidhani baraza lolote linayo. Nilimjibu tu kwamba mtu akikaa miaka mahali pabaya, hasa mtoto, huanza kuamini kwamba pale ndipo pamfaapo, na huko ni kuharibika kwa namna nyingine, ambako hatukuandiki katika daftari. Yeye akatikisa kichwa. Hatukukubaliana, tukanywa chai.

Tena sipendi wasomaji wafikiri ninawaambia kwamba kitu cha fedha ni kibaya na kitu cha mikono ni chema. Fundi wa makochi naye ana watoto, na kochi ni kitu kizuri kwa mgongo wa mzee. Bezaleli, aliyejazwa roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya ustadi, alifanya kazi kwa dhahabu na fedha na shaba. Kama ningalingoja, nikaweka akiba, nikanunua kiti kimoja kizuri kwa ajili ya mama yangu, nadhani angaliketi.

Mjane alimaliza deni lake la mabati mwezi wa kumi na moja, kwa sarafu zilizofungwa katika kitambaa. Msichana wetu alikuwa amekwisha kurudi kwao kabla ya hapo. Shilingi zake 150,000 nilimpelekea kwa simu mwaka uliofuata, pamoja na maneno marefu ya kuomba radhi. Alijibu kwa neno moja: "Zimefika." Nami nilimwomba mwandishi wa sasa wa baraza anionyeshe daftari lile. Ukurasa ungalipo, na mwandiko wangu umesomeka vizuri sana.

Wengine watataka kujua habari za chokaa yenyewe, maana mke wangu naye alitaka, akamwendea yule mama kumwuliza. Chokaa iliyokwisha kuzimwa hulowekwa katika maji usiku mmoja, kisha huchujwa kwa kitambaa. Buluu hutiwa kidogo kidogo. Chumvi huyeyushwa katika maji ya moto na kuchanganywa, ili chokaa ishike na isichafue nguo za mtu anayeegemea. Ukuta hupanguswa vumbi na kunyunyizwa maji kwanza. Upakaji wa kwanza uwe mwepesi, nao utaonekana kama maji tu, lakini usikate tamaa ukaongeza chokaa, kwa maana weupe hutokea inapokauka. Paka tena siku ya pili. Watoto wakae mbali, kwa sababu chokaa yachoma macho. Kadiri ya chumvi, asema, ni konzi mbili kwa ndoo moja.